Mahindi au maharage? Chagua kwa kuusoma mwili wa mmea

Mtu anayesimama dukani mwanzoni mwa masika, na pesa yake inatosha aina moja tu ya mbegu, huuliza bei kwanza, halafu siku za kukomaa. Yote mawili ni ya maana. Lakini kuna swali la kutangulia: mmea huu umejengwaje, na shamba langu litauumiza wapi?

Mahindi ni nyasi. Ni ndugu wa mtama, uwele, ulezi, mpunga na ngano. Maharage ni mikunde, ukoo mmoja na kunde, choroko, mbaazi, karanga na soya. Koo hizi mbili zimejengwa tofauti tangu mbegu inapofumbuka, na hasara nyingi za shambani zinaanzia hapo: mche uliokatwa na sota (kiwavi wa ardhini), gunzi lenye mapengo, maua yaliyopukutika, dawa ya magugu iliyoua zao badala ya gugu. Ukijua kiungo gani cha mmea kilikuwa wapi siku ya tukio, utajua kama urudie kupanda au usubiri. Msimu ujao utajua pia uchague nini.

Mbegu na siku kumi za mwanzo

Loweka usiku kucha punje chache za mahindi na za maharage, asubuhi zipasue kwa ukucha. Harage linavua ganda na kugawanyika mapande mawili manene. Katikati, karibu na kovu, kamelala kamche kenye vijani viwili vilivyokunjwa. Chakula chote cha mwanzo kimo ndani ya mapande hayo. Hindi haligawanyiki. Sehemu kubwa ya punje ni wanga, na kiini kimelala upande mmoja kuelekea ncha. Hicho ndicho mashine ya kukoboa inachokiondoa, ndiyo maana dona ina mafuta kuliko sembe.

Kuota nako ni tofauti. Hindi linatoka kama sindano: jani la kwanza limevikwa ala ngumu yenye ncha, inatoboa udongo moja kwa moja. Harage linatoka kwa kuinama. Kishina kilicho chini ya mapande hujikunja kama ndoano, mgongo wake husukuma udongo, kisha huyavuta mapande yote mawili hadi juani. Sasa fikiria mvua kubwa imepiga siku moja baada ya kupanda, ikafuatwa na siku tatu za jua kali. Udongo laini hufunga ukoko. Sindano ya hindi mara nyingi hupenya, lakini shingo ya harage huvunjika. Ukifukua utakuta miche imebaki chini bila kichwa, na mtu atasema mbegu ilikuwa mbovu.

Kwa hiyo harage lifukie sm 3 hadi 5 tu, na kama ukoko umefunga kabla miche haijatoka, uvunjevunje juu juu kwa reki au tawi la miiba, jioni. Hindi lifukie sm 5, au hadi 7 kama udongo wa juu ni mkavu. Usidhani kulifukia juu zaidi ni kulisaidia. Kati ya punje na fundo la kwanza kuna kikonyo kinachorefuka mpaka fundo hilo lifike kiasi cha sm 2 chini ya uso wa udongo, na mizizi ya kudumu huanzia hapo. Punje iliyofukiwa sm 2 haina nafasi hiyo. Mizizi ya kudumu huota kwenye vumbi la juu, hukauka, na mahindi yakifika magotini yanaanguka kwa upepo mdogo.

Si mikunde yote inayopandisha mapande yake. Kunde, choroko na soya hufanya kama maharage. Mbaazi, dengu na njegere huyaacha chini ya udongo na kutoa shina tu. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa, kama utakavyoona.

Ncha ya kukua imekaa wapi?

Hapa ndipo pa kukaa kitako, maana ndipo uamuzi mwingi unapotokea.

Ng'oa mche mmoja wa mahindi wa wiki tatu, uoshe, uupasue kwa wembe katikati kutoka mizizini kwenda juu. Utaona majani yamevishwa moja ndani ya jingine kama karatasi iliyosokotwa. Lile unaloliita shina bado si bua, ni ala za majani tu. Chini kabisa, chini ya mstari wa udongo, kuna kijipembe cheupe kama ncha ya penseli. Hicho ndicho mmea wenyewe. Kila jani litakalotoka, na mbelewele ya juu pia, vitatokana na hapo. Ncha hiyo hubaki chini ya udongo mpaka mche uwe na majani matano hadi sita yenye shingo, yaani yale yaliyokwisha kufunguka hadi pale bapa linapoungana na ala. Nyanda za joto hiyo ni wiki tatu hadi nne. Kwenye baridi ya Njombe au Kitale huchukua muda zaidi.

Maana yake ni hii. Mbuzi wakiingia shambani wiki ya tatu wakayala mahindi hadi chini, au mvua ya mawe ikayachana, usikimbilie kulima upya. Subiri siku nne au tano. Kama katikati panatoka jani jipya la kijani, ncha iko hai na shamba litasimama. Wengi hung'oa shamba zima siku ya pili, wakapoteza mbegu, mbolea na wiki tatu za mvua.

Harage halina kinga hiyo. Siku linapochungulia, ncha yake tayari iko juu, katikati ya mapande mawili. Lina machipukizi ya akiba kwenye makwapa ya mapande na ya kila jani, kwa hiyo mbuzi akikata juu ya mapande, mche unaweza kuchipua tena, ingawa kwa kuchelewa. Ukikatwa chini ya mapande, umekufa, hakuna cha kusubiri. Na sota hukata hapo hapo, kwenye usawa wa udongo, usiku. Shamba lililokuwa na majani mengi hadi juzi, au lililofunguliwa kutoka kwenye malisho, huwa na sota wengi. Hapo lima mapema, acha udongo wazi wiki mbili au tatu ndipo upande, la sivyo maharage yatakuwa mapengo matupu. Mbaazi na njegere, kwa kuwa mapande yamebaki chini, zinaweza kuchipua hata baada ya kukatwa usawa wa udongo.

Kinga ya hindi ina gharama zake. Maji yakituama shambani siku mbili au tatu wakati ncha iko chini, inakosa hewa na kuoza. Na baada ya wiki ya nne au ya tano mambo yanageuka: ncha imepanda juu, na hindi ni mmea wa shina moja. Bungua wa mabua au kiwavijeshi vamizi akiitoboa ncha, jani la katikati hukauka, ukilivuta linatoka, na mmea huo hauzai suke la maana. Harage lililovunjwa ncha wakati huo hutoa matawi. Mtama nao hutoa machipukizi kutoka chini, hata baada ya kuvunwa.

Ndiyo maana pengo kwenye mahindi halizibwi na jirani. Ukiona mashimo hayakuota, rudishia ndani ya siku saba. Mche uliorudishiwa wiki ya tatu utaishi kivulini, ule mbolea bila kuzaa. Kwenye maharage yanayotambaa na kwenye mtama, pengo la hapa na pale jirani hulijaza.

Mizizi, na kile kinachoning'inia juu yake

Mizizi inayotoka kwenye punje ya hindi ni ya muda. Baada ya hapo mmea huvisha pete baada ya pete ya mizizi kwenye mafundo yaliyo chini ya udongo, kila pete pana kuliko iliyotangulia, na mwishowe hutoa ile minene ya juu ya udongo inayoshikilia bua kama nguzo za kibanda. Ni mizizi ya nyuzinyuzi, inashika udongo kotekote, na penye udongo ulio wazi hufika mita moja na zaidi. Kupandishia udongo kwenye shina wakati wa palizi ya pili kunaipa ile mizizi nguzo mahali pa kushika.

Harage lina mzizi mkuu mmoja wenye matawi. Neno "mkuu" lisikudanganye: sehemu kubwa ya mizizi yake imo kwenye sm 20 hadi 30 za juu. Palizi ya jembe lililozama sm 8 karibu na shina inakata chakula. Kwangua sm 3 hadi 5, na ukishaona maua, ondoka shambani. Mwenye mzizi mkuu wa kweli ni mbaazi: unashuka zaidi ya mita moja na nusu, unakunywa maji ambayo hindi limeyaacha.

Kabla ya kuchagua, chimba shimo la sm 40. Kama kwenye sm 15 au 20 kuna tabaka gumu lililokanyagwa na plau miaka mingi, ng'oa gugu lolote lenye mzizi mkuu ulitazame. Mzizi uliopinda kama herufi L unakuambia maharage yatafanya vivyo hivyo, na yatanyauka wiki moja baada ya mvua kukatika. Pasua tabaka hilo kwanza.

Harage lina uwezo mmoja wa maana: linaweza kuotesha mizizi mipya kwenye kishina chake likifukiwa udongo. Tumia hilo dhidi ya inzi wa maharage. Inzi huyu hutaga kwenye majani machanga, funza hushuka ndani ya kikonyo hadi chini ya shina. Mche wa wiki mbili au tatu unakuwa wa njano, na usawa wa udongo shina limevimba na kupasuka. Bandua ganda la shina hapo kwa ukucha, utakuta buu wa kahawia mdogo kuliko punje ya mchele. Pandishia udongo unyevu hadi chini ya mapande mara moja, na miche mingi itatoa mizizi juu ya jeraha. Msimu ujao tumia mbegu iliyowekwa dawa na upande mapema, maana maharage ya kuchelewa ndiyo yanayoshambuliwa zaidi.

Sasa vinundu, vile vijiuvimbe vidogo kwenye mizizi ya mikunde. Bakteria waishio ndani yake huchukua naitrojeni ya hewani na kumpa mmea, naye huwalisha sukari. Kuvikagua, subiri maua ya kwanza, kama wiki ya tano au ya sita. Usivute mmea, vinundu vitabaki ardhini. Chimba kwa sepeto sm 20 kuzunguka shina, zamisha bonge lote kwenye ndoo ya maji, liache lijimenye. Chukua kinundu, kipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inafanyika. Cheupe bado kichanga au kimelala, na cha kijani au kahawia kimekwisha. Usichanganye na uvimbe wa minyoo fundo: kinundu kimebandikwa pembeni ya mzizi na hudondoka ukikisugua, ila uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura.

Vinundu vikikosekana, sababu ni chache. Udongo una tindikali kali, au fosforasi haitoshi, au bakteria wa aina yake hawamo, au wewe mwenyewe umemwaga mbolea ya urea, yenye naitrojeni nyingi. Mmea unaopata naitrojeni ya mfukoni hauhangaiki kulisha bakteria. Kwa ekari ya maharage, mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia ya DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni, zinatosha kuanzia. Usiongeze za kukuzia. Chanjo ya bakteria ina maana kubwa kwa soya kwenye shamba ambalo halijawahi kupandwa soya. Bakteria wa soya siye wa maharage, kwa hiyo pakiti moja haifai kwa yote. Changanya chanjo na mbegu kivulini, panda siku hiyo hiyo, na chanjo isigusane na mbolea.

Na hapa kuna dhana inayowaumiza wakulima. Watu husema maharage yanarutubisha shamba. Maharage ni wavivu wa naitrojeni kuliko kunde, soya au mbaazi, na sehemu kubwa ya ile wanayoipata huondoka ndani ya punje. Ukiyang'oa na mizizi yake, ukapigia nyumbani na kuchoma makapi, umelinyang'anya shamba. Kata kwa kisu au rudisha makapi. Anayetaka rutuba ya kweli kwa ajili ya mahindi ya mwakani atazame mbaazi, ambayo huangusha majani yake shambani miezi kadhaa.

Hindi halina bakteria wa kulisaidia, linategemea mkono wako. Wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia unatokana na maumbile: idadi ya mistari ya punje kwenye suke inaamuliwa mmea ukiwa na majani saba au nane yenye shingo, usawa wa goti. (Hesabu mistari ya suke lolote: 12, 14, 16, daima shufwa, kwa sababu vijiua huzaliwa viwili viwili.) Mbolea inayokuja mbelewele ikiwa imetoka haiongezi mstari hata mmoja. Iweke sm 10 hadi 15 pembeni na uifukie. Ikiingia kwenye faneli ya majani, inaunguza.

Majani, na dawa ya magugu

Jani la hindi lina ala inayokumbatia bua, bapa refu, na mishipa inayokwenda sambamba. Hukua kutokea chini, ndiyo maana likikatwa ncha linaendelea kurefuka. Jani la harage lina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, mishipa kama wavu, na chini ya kila kijani kifundo laini kinachokigeuza kufuata jua au kulikwepa. Majani hayo mapana hushika umande. Ukipalilia yakiwa yamelowa, nguo zako zinasambaza kutu na baka bakteria mstari kwa mstari.

Tofauti hii ya nyasi na majani mapana ndiyo msingi wa dawa nyingi za magugu, na ndipo pa kuumizana. 2,4-D huua majani mapana na kuliacha hindi. Harage la jirani likifikiwa na mvuke wake hujisokota majani ndani ya siku moja au mbili. Atrazini ni ya mahindi, na inaweza kubaki ardhini ikayadhuru maharage ya msimu unaofuata. Dawa za kuua nyasi ndani ya maharage, kama fluazifop, huua mahindi kabisa. Kwa hiyo anayechanganya mazao haya mawili ajue tangu mwanzo kwamba palizi yake ni ya jembe. Kama huna watu wa kupalilia wiki ya pili hadi ya tano, panda zao moja.

Kuhusu joto: hindi na mtama hutumia jua kali vizuri kuliko harage. Harage likipata joto la kupita nyuzi 30 wakati wa maua, linayaangusha. Maharage ni ya mwinuko wa mita 1,000 hadi 2,000, Lushoto, Mbeya, Kagera, Kigoma. Mtu wa Lindi au Pwani anayetaka mikunde achague kunde, choroko au mbaazi, asipambane na tabianchi.

Ua: mmoja anategemea upepo, mwingine anajitosheleza

Hindi limetenganisha dume na jike. Dume ni mbelewele ya juu, jike ni suke la kwapani, na kila unywele wa suke umeunganishwa na punje moja tu. Unywele usiopata chavua ni punje isiyokuwepo. Nywele za chini ya suke hutoka kwanza, za nchani mwisho, na shamba humwaga chavua kama wiki moja. Ukame ukigonga hapo, nywele huchelewa huku chavua ikimalizika. Ndiyo chanzo cha masuke yenye ncha tupu.

Unaweza kujua mapema. Siku chache baada ya nywele kutoka, chuma suke moja, kata maganda kwa uangalifu bila kugusa nywele, kisha liinamishe na kulitikisa taratibu. Nywele za punje zilizochavushwa hudondoka, na zilizobaki zimeshika ni mapengo yako.

Kwa kuwa chavua husafiri kwa upepo, bustani ndogo ya mahindi ipandwe kwa mraba, angalau mistari minne jirani, badala ya mstari mmoja mrefu kandokando ya uzio. Na chotara la jirani litaingia kwenye mbegu yako. Anayetaka kutunza mbegu apande aina isiyo chotara, kama Staha au TMV-1, achague masuke katikati ya shamba na si pembeni, na ainunue upya baada ya misimu mitatu hivi. Punje za chotara ukizirudia, shamba hutoka la urefu tofauti na mavuno hushuka.

Ua la harage ni chumba kilichofungwa. Kuna petali moja pana ya nyuma, mbili za pembeni kama mabawa, na mbili za chini zilizoungana na kusokotwa, ndani yake zimo dume kumi na jike mmoja. Chavua hudondoka ua likiwa linakaribia kufunguka, kwa hiyo harage hujichavusha lenyewe. Aina mbili zikitengwa mita chache hubaki safi, na mkulima mdogo hutunza mbegu yake kwa uhakika. Hatari ya mbegu ya nyumbani kwa maharage ni magonjwa, kwa hiyo weka mbegu kutoka mimea iliyokuwa safi tangu majani hadi maganda, na tupa kila punje yenye madoa. Mbaazi si hivyo: nyuki hufungua maua yake na kuchanganya aina.

Harage huangusha maua mengi hata msimu ukiwa mzuri, usishtuke. La kuangalia ni umbo la mmea. Aina fupi za kichaka, kama Lyamungo 90 au Rosecoco, shina lake huishia kwenye ua. Linatoa maua kwa muda mfupi, linakomaa kwa pamoja, na ukame wa siku kumi ukiangukia hapo umepata hasara. Aina zinazotambaa na zinazopanda miti huendelea kukua huku zikitoa maua, kwa hiyo mvua ikirudi zinapata nafasi ya pili. Malipo yake ni kuvuna kwa awamu, na kwa zinazopanda, miti ya mita mbili kwa maelfu, kama wafanyavyo wakulima wa kaskazini mwa Rwanda. Mahali penye ardhi finyu na miti ya kutosha, hizo ndizo zenye mavuno makubwa.

Vipimo kwa ekari, kila zao likiwa peke yake

| | Mahindi | Maharage ya kichaka |
|---|---|---|
| Nafasi | sm 75 × 30, mmea mmoja | sm 50 × 20, mimea miwili |
| Mimea | kama 18,000 | kama 80,000 |
| Mbegu | kilo 8–10 | kilo 20 (punje ndogo) hadi 35 (punje kubwa) |
| Mvua ya msimu | mm 500–800 | mm 300–500 |
| Siku | 90 hadi 180, kwa aina na mwinuko | 65–90 |

Angalia safu ya mbegu. Watu hulinganisha bei ya kilo na kusahau kwamba harage linahitaji kilo mara mbili hadi nne kwa eneo lile lile.

Kuvuna

Hindi limekomaa pale kitako cha punje kinapoonyesha doa jeusi: bandua punje katikati ya suke, kwangua ncha yake. Baada ya hapo hakuna kinachoongezeka, kinachobaki ni kukauka. Ganda la suke linalofika hadi nchani na kubana ni ulinzi dhidi ya maji na wadudu, kwa hiyo penye dumuzi (mdudu anayetoboa mahindi) tazama maganda kabla ya kusifu ukubwa wa suke. Ganda la harage lina mishono miwili inayojipinda na kufyatuka likikauka sana. Vuna asubuhi kungali na umande. Usipige maharage ya mbegu yakiwa makavu kupindukia, maana fimbo huvunja kamche kalicho katikati ya mapande, na msimu ujao yataota yakiwa na mapande mawili bila ncha, yasimame hivyo hadi yafe. Kwa ghala, yote mawili yashuke hadi unyevu wa asilimia 13 au chini.

Kwa hiyo, lipi?

Mvua fupi za vuli na shamba la mwinuko: maharage. Shamba la bondeni linalotuamisha maji: yote mawili yatateseka, weka mpunga. Nyanda kavu na joto za Dodoma au Singida: mtama au uwele kabla ya mahindi, na kunde au choroko kabla ya maharage. Shamba lenye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao: usiendelee na mahindi matupu. Kiduha cha mahindi hunyonya mizizi ya nyasi, hakiwezi kuishi kwenye mikunde, na baadhi ya mikunde huichochea mbegu yake kuota bila kupata pa kujishikiza.

Wenye kutaka yote mawili, msimwage maharage katikati ya mahindi ovyo. Bungoma, magharibi mwa Kenya, ulienea mpango uitwao MBILI: mistari miwili ya mahindi yenye sm 50 kati yake, kisha nafasi ya mita moja, na ndani ya nafasi hiyo mistari miwili ya mikunde yenye sm 33 kati yake. Idadi ya mahindi inabaki ile ile ya sm 75, ila harage linaona jua. Pandeni siku moja. Harage lililochelewa wiki tatu halitatoka kwenye kivuli.

Kwa nyanda kama za Babati, mwenza bora wa hindi ni mbaazi ndefu. Miezi miwili ya mwanzo hukua polepole kama vile imesahaulika, haigombani na hindi kwa jua wala maji; hindi likivunwa, yenyewe ndiyo inaanza kunyanyuka, ikinywa maji ya chini. Soko lake liangalieni mapema, maana linategemea sana India. Ilipoweka ukomo wa kuagiza mwaka 2017, bei ilianguka vibaya. Na kwa kuwa mbaazi husimama shambani wakati majirani wamekwisha kuvuna na kuachia ng'ombe kwenye mabua, kubalianeni na wafugaji kabla ya kupanda. Ng'ombe wakiingia maua yakiwa juu, watakula mavuno yote.